Aliyengoja Nje ya Uzio

Siku uzio ulipofungwa ndipo Leokadia aliposikia ligombo kwa mara ya kwanza mjini Mbeya.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, mwaka 1978, baridi ya Mbeya ingali inauma masikio. Mafundi walikuwa wamemaliza kupigilia mabanzi kuuzunguka uwanja wote ulio juu ya mtaa wa Soweto, wakabakiza lango moja jembamba lenye komeo. Fundi mkuu akalisukuma kulijaribu. Likafunga barabara. Papo hapo, kutoka upande wa nje, zikasikika nyuzi zikiguswa taratibu, kama mtu anayejaribisha chombo chake kabla ya kuanza kupiga.

Leokadia akasimama pale alipokuwa. Ligombo si chombo cha Mbeya. Ni la kwao, Uhehe: kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, uzi ukapitishwa juu yake huku na huku, na kibuyu cha kuikuza sauti. Tangu aazimwe kutoka ofisi ya utamaduni ya Iringa kuja kusaidia maandalizi ya tamasha la muziki la kimataifa, hakuwahi kuliona hata moja katika mji huu.

Akafungua lango, akatoka. Nje hapakuwa na kitu ila nyasi kavu, mbuzi wawili, na mwanamke wa Soweto aliyekuwa akiteremka na ndoo ya maji kichwani. Leokadia akamwamkia, akamuuliza kama amemwona mtu anayepiga ligombo hapo.

"Sijamwona mtu," yule mwanamke akasema. "Kusikia nimesikia. Nilidhani ni huko kwenu ndani."

Akaendelea na safari yake. Leokadia akabaki ameshika nguzo ya lango, maana mkono uliozigusa nyuzi zile alikuwa anaujua. Didas, mume wake, alikuwa na namna yake ya kujaribisha chombo: akianza na uzi wa mwisho, anauacha ulie mpaka unyamaze wenyewe, ndipo anagusa mwingine. Na Didas alikuwa kaburini Kihesa, kwao Iringa, miaka mitano sasa.

Alikufa hivi. Alikuwa mpigaji anayejulikana Iringa nzima, tangu zamani, kabla lori alilokuwa amepanda halijapinduka kwenye miteremko ya Kitonga na kumwacha na mguu mmoja. Mwaka 1973 ikafanyika sherehe kubwa ya muziki pale mjini, wageni wakaja kutoka nchi jirani, naye akaalikwa apige. Akatunga wimbo mpya kwa ajili ya siku hiyo. Nyumbani aliupiga karibu wote, lakini mwisho wake alikataa kumpigia mtu yeyote, hata mkewe. Alisema watausikia jukwaani.

Siku ilipofika akaenda na magongo yake, ligombo limefungwa mgongoni. Langoni wakamwambia njia ile ni ya wageni, azunguke nyuma. Kule nyuma jukwaa lilikuwa refu, lina ngazi ya kusimama kama ya kupandia darini. Wakamwambia angoje, watamwita na kumtafutia watu wa kumbeba. Ilikuwa masika. Mvua ikanyesha, akangoja. Leokadia alikuwa ndani akiwahudumia wageni, anajua mumewe yuko kwenye foleni ya wapigaji na wakati wowote atapanda. Ngoma zikaisha, hotuba zikaisha, watu wakatawanyika. Didas alirudi Kihesa amelowa mpaka mifupani. Hakulalamika wala hakumtaja mtu; ya langoni Leokadia aliyasikia baadaye kwa wengine. Kichomi kikamshika, na wiki haikuisha wakamzika.

Basi huyo ndiye aliyekuwa nje ya uzio.

Leokadia hakumwambia mtu yeyote siku ile. Mchana aliingia kwenye kikao cha kamati kama kawaida. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Philbert, mtu mrefu, mpole wa maneno, aliyekuwa amekabidhiwa mzigo mzito kuliko mabega yake. Vikundi vya nchi nane vilikuwa njiani, vingine kwa reli mpya kutoka Zambia, vingine kwa ndege mpaka Dar es Salaam na kisha kwa treni. Kila juma alipigiwa simu na kukumbushwa kwamba taifa lisiaibike. Mpango wake ulikuwa tayari: jukwaa refu la mbao, ili wageni waonekane; uzio, ili watu wasivamie; na mikuyu na mizambarau yote iliyozunguka chemchemi ya chini ya uwanja ikatwe, iwe kuni za kuwapikia watu na nguzo za vibanda.

Leokadia alisema alichokuwa amekiona Iringa. Baada ya ile sherehe, mteremko wa nyuma ya uwanja ulibaki kipara, na kijito walichokuwa wakichota wanawake kikageuka tope la uchafu wa wageni, kiangazi kilichofuata kikakauka kabisa. Wageni walikaa siku mbili wakaenda zao. Wanawake ndio waliobaki kutembea kutafuta maji mpaka leo. Philbert alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akajibu kwa upole kwamba wageni hawawezi kula unga mbichi, na kama kuna mtu mwenye kuni zinazodondoka kutoka mbinguni amwonyeshe. Wengine wakacheka. Ikapitishwa miti ianze kukatwa Jumatatu.

Tangu siku ile ligombo likawa halina saa. Lango likifungwa, linaanza. Wakati mwingine ni nyuzi mbili tu, wakati mwingine ni kipande cha wimbo, tena ule ule wimbo, nao unafika mahali unakatika. Leokadia alijikuta anapita pale langoni hata asipokuwa na shughuli. Aliogopa mpaka nywele zinamsisimka, na bado miguu ilimpeleka.

Siku ya Ijumaa akaja Mbuke. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, Msukuma, amekuja na lori la mpunga kutoka tambarare za Usangu, ambako watu wa ukoo wake walihamia na ng'ombe zao miaka mingi nyuma kutoka upande wa Shinyanga. Alikuja kuulizia kikundi chake cha ngoma, maana alikuwa ametuma maombi na hakupata jibu. Leokadia alilijua jibu, na alikuwa akiona haya kulisema. Kamati ilikuwa imesema kila mkoa ulete ngoma za wenyeji wake, na ngoma za Wasukuma ni za Usukumani. Akamweleza pale pale langoni, walinzi wakisikiliza.

Mbuke hakupandisha sauti. "Mayu, sisi tumezika watu Usangu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Watoto wetu wamezaliwa kule. Tukienda Shinyanga wanatuita watu wa Usangu. Hapa mnatuita watu wa Shinyanga. Sasa tukapigie ngoma wapi?"

Mlinzi, kwa kutaka kuyamaliza mazungumzo, akavuta lango, Mbuke akabaki nje.

Safari hii sauti haikutoka nje. Ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyotundikwa juu ya nguzo, vyote kwa pamoja, uwanja mzima ukajaa ligombo. Mafundi wakaacha nyundo hewani. Juu ya nguzo ya katikati alikuwako Isakwisa, fundi wa mitambo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa kanisani asiyependa mzaha wa mambo hayo. Alikuwa amekumbatia nguzo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika waya zilizokatwa, anazitazama. Jenereta ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Wimbo ukapigwa, ukafika mahali pake, ukakatika.

Isakwisa akateremka polepole. Alipofika chini akaziweka waya juu ya nyasi kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaokota koti lake, akaondoka.

Mbuke alikuwa wa kwanza kusema. "Huyo naye amefungiwa nje," akasema. "Ni wa nani?"

"Ni wangu," Leokadia akajibu. Alikuwa hajawahi kulisema kwa kinywa chake. Mbuke akalisukuma lango, akaingia, akamshika mkono, akamkalisha juu ya rundo la mabanzi.

Ndugu Philbert alikuwa amesikia kila kitu akiwa mlangoni mwa kibanda chake. Aliwaambia mafundi kwamba ni redio imenaswa, mambo ya mawimbi, lakini uso wake haukulingana na maneno yake. Kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa mtupu. Wakata miti aliowaajiri kwa ajili ya Jumatatu walituma ujumbe kwamba hawaji. Mafundi walisema watarudi siku aliye nje akiisha kuingizwa ndani.

Philbert akamwita Leokadia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini.

"Unamjua anayepiga," akasema.

"Ni mume wangu, Ndugu Mwenyekiti. Alizikwa mwaka sabini na tatu."

Philbert akaigeuzageuza kofia yake. Kutoka Soweto zilisikika sauti za watoto. "Anataka nini?"

"Alichokitaka wakati ule. Kuingia."

Kisha akamsimulia yote, tangu Kitonga mpaka kichomi. Philbert hakusema kwamba anaamini, wala hakusema haamini. Aliuliza tu ngazi ile ya Iringa ilikuwa na urefu gani, na alipoambiwa akageuka kulitazama jukwaa lake la mbao, ambalo lilikuwa limeshafika kimo cha mtu mzima na lilikuwa bado halijakwisha. Akalitazama sana.

"Mimi siwezi kuwapigia simu wakubwa nikawaambia kuna mzuka," akasema hatimaye. "Nitawaambia nini?"

Mbuke alikuwa nje ya kibanda, na hakujifanya hakusikia. Akaingia, akapiga goti kidogo kumwamkia mwenyekiti, akasema, kwa kuwa wakata miti hawaji, mambo ya kuni yeye anayaweza. Usangu walikuwa wamemaliza kuvuna. Pumba za mpunga zilikuwa zimerundikana mashineni kama vilima, magunzi ya mahindi yamejaa kila boma, mpaka watu wanayachoma ili kupata nafasi. Wao nyumbani wanapikia hivyo hivyo. Malori yanayoleta mpunga yanaweza kuleta na magunia hayo, na mtu wa kuwaonyesha wapishi namna ya kushindilia pumba jikoni atakuja. Miti ya watu ibaki. Alichotaka ni nafasi ya kikundi chake, na njia ya kumpandisha jukwaani kaka yake Bujiku, mpiga ngoma mkuu, ambaye miguu yake ilipooza utotoni na hutembea kwa kubebwa na mkokoteni wa ng'ombe.

Philbert akamtazama, akamtazama Leokadia, akashusha pumzi. Alisema watu hawa wawili wanataka kumfukuzisha kazi. Halafu akavaa kofia, akatoka nje, akalishika lango kwa mikono yake miwili na kuling'oa bawaba.

Mabanzi yakang'olewa upande mmoja baada ya mwingine, yakawa mabenchi. Jukwaa la mbao likavunjwa, na mahali pake wakajenga la udongo ulioshindiliwa, la kimo cha goti, lenye mteremko mpana ambao hata mkokoteni ungepanda. Leokadia akawafuata wanawake wa Soweto, akakaa nao chemchemini, akawauliza maji kiasi gani yanaweza kutoka bila wao kukosa. Wakabishana muda mrefu, kisha wakapanga: wageni watachotewa asubuhi, mchana chemchemi iachwe ipumue, jioni ni ya wenyewe. Vyoo vikachimbwa upande wa mbali, kwa kufuata walikoonyesha wao. Likaalikwa kundi la waimbaji wasioona, ambalo nalo lilikuwa limenyimwa nafasi. Isakwisa akarudi, hakueleza kwa nini, akaunga waya zake.

Si kwamba mambo yalikwenda yote sawa. Simu ilipigwa, na Philbert alikaripiwa mpaka akatoka kibandani na jasho katika baridi ile. Nusura uenyekiti umponyoke. Magunia mengine ya pumba yalifika yamelowa, yakatoa moshi uliowaliza wapishi siku nzima. Kikundi kimoja cha wageni kilinung'unika kwamba jukwaa la udongo litawachafulia viatu. Miti miwili ilikatwa na wajenzi wa vibanda, ambao habari ilikuwa haijawafikia.

Na ligombo lilinyamaza. Tangu uzio ulipoondoka halikulia tena hata mara moja. Watu wakashukuru. Leokadia ndiye aliyeanza kulitafuta uwanja mzima kwa masikio yake. Aliamka mapema akaenda kusimama pale palipokuwa lango, akasikia upepo tu. Miaka mitano alikuwa mjane, lakini juma lile ndilo alilohisi nyumba imekuwa tupu.

Mbuke alimkuta pale siku moja kabla ya tamasha. "Hajaondoka," akamwambia. "Anangoja zamu yake. Lakini kwetu mtu wa namna hii akipata alichokifuata, harudi. Umejiandaa, mayu?"

Leokadia alisema ndiyo, kwa haraka.

Siku ikafika, Jumamosi, anga jeupe, watu kutoka Soweto na vijiji vya milimani wakaujaza uwanja bila mtu wa kuwauliza wametoka wapi. Wageni wakapiga muziki wao, watu wakawapigia vigelegele. Wazambia walicheza mpaka vumbi likasimama kama ukuta. Wasioona waliimba wameshikana mabega, wakapanda na kushuka ule mteremko wenyewe, bila kushikwa na mtu. Kisha mchana, jua likiwa limechangamka, Leokadia akalitangaza kundi la Usangu.

Mkokoteni ukapanda jukwaani na Bujiku juu yake, mtu mnene mwenye kifua kipana, ngoma zake kubwa mbele yake. Vijana wakaingia na majembe mabegani, kwa ngoma yao ya wakulima. Alipopiga, ardhi iliyoshindiliwa ilitetemeka, na watu waliokaa mbele walisema baadaye kwamba waliihisi ngoma kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Wakacheza sana. Halafu, katikati ya mwendo, Bujiku akainua fimbo zake na asizishushe. Akageuza kichwa upande kama mtu anayepisha mwenzake njiani.

Ligombo likaingia.

Halikutoka kwenye vipaza sauti. Lilitoka pale pale jukwaani, mahali palipo wazi pembeni ya mkokoteni, sauti ya kawaida ya chombo kinachopigwa mbele ya watu. Uzi wa mwisho ukalia mpaka ukanyamaza, ndipo mwingine. Uwanja mzima ukatulia. Wageni walidhani ndivyo ilivyopangwa. Bujiku akaziweka fimbo magotini, akaanza kugonga kwa ncha za vidole, polepole, akimwachia nafasi, akimshika pale anapopungua. Philbert alikuwa amesimama, kofia kifuani.

Leokadia aliujua wimbo ule kama anavyoijua sauti yake mwenyewe. Aliufuata hatua kwa hatua, na ulipokaribia mahali pake pa kukatika, akajikuta anaomba ukatike. Aliomba kwa midomo, watu wakamwona. Ukatike, ubaki nusu, urudi kesho kuanza upya. Lakini ulipita. Ukapanda kidogo, ukazunguka, ukateremka kwa namna ambayo yeye hakuitegemea hata kidogo, kitu chepesi, karibu cha kuchekesha, kama mtu anayefika nyumbani akiwa na habari njema na anawachelewesha makusudi kuwaambia. Ndivyo ulivyokuwa mwisho wake. Alikuwa ameudhania wa huzuni miaka yote.

Uzi wa mwisho ukalia, ukanyamaza wenyewe. Bujiku akazishika tena fimbo, ngoma ikaendelea, na watu wakalipuka kwa kelele.

Walibaki siku tatu kufukia mashimo, kutawanya majivu kwenye mashamba ya watu na kuyagawa mabenchi. Leokadia alifanya kazi kama wengine, akamsindikiza Mbuke mpaka kwenye lori, akaagana na Philbert, ambaye alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha akapanda basi la Iringa.

Kihesa alimkuta mama mkwe wake, Esta, amekaa uani juani, anachambua maharage. Walikuwa wakiishi wawili tu tangu msiba. Akapiga magoti kumwamkia, "Kamwene, mama," akaitikiwa, akaketi kwenye mkeka. Bibi yule hakuuliza habari za safari. Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Jumamosi kulitokea nini huko?" akauliza.

Leokadia akamweleza. Alimweleza mpaka ule mwisho wa wimbo, akajaribu hata kuuimba kwa pua, akashindwa. Esta alisikiliza bila kuinua uso.

"Kila asubuhi alikuwa anapiga hapo, nje ya mlango wa jiko," akasema. "Miaka yote hiyo. Wewe ukiwa kazini. Sikukwambia, niliona utaogopa. Nilikuwa namwekea kigoda." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Tangu Jumamosi hakuna kitu."

Leokadia alitaka kusema kwamba Didas alikuwa amengoja nje muda mrefu, kwamba alikuwa na haki ya kuumaliza wimbo wake, na yote yalikuwa kweli.

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu," Esta akasema. "Kabla hujamwachia, ungeniuliza."

Hakusema kwa hasira. Jua likasogea juu ya bati. Baada ya muda bibi akausukuma ungo katikati yao, na Leokadia akaanza kuchambua upande wake.